Siri yako ndani ya kompyuta ya hospitali: Cheti ukutani hakitoshi

NA DAKTARI WETU

UNAPOFIKA hospitalini siku hizi, jambo la kwanza ambalo karani wa mapokezi hukuuliza si unaumwa wapi, bali ni nambari ya kitambulisho na ya simu. Anabonyeza vitufe, jina lako linatokea kwenye kioo cha kompyuta, na kabla hujaketi, daktari aliye chumbani tayari anaweza kuona ulipimwa nini mwaka juzi na ulipewa dawa gani.

Jambo hili ni jema. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza ni nani mwingine anayeweza kuyaona hayo anayoyaona daktari?

Zamani swali hili lilikuwa rahisi. Faili yako ilikuwa ya karatasi, ilikaa katika kabati lenye kufuli, na aliyetaka kuisoma ilimbidi aende pale akaitoe. Leo faili hiyo yaweza kusomwa katika vyumba kadhaa kwa wakati mmoja, na mara nyingine hata kutoka mji mwingine. Kufuli yake si ya chuma tena, bali ni programu ya kompyuta. Na programu, kama mwili wa binadamu, huugua.

Wiki hii tutazungumza kuhusu ugonjwa huo wa programu, kuhusu cheti ambacho hospitali na kampuni za kompyuta hupenda kututangazia, na kuhusu kazi ya kila siku ambayo yafaa iwe nyuma ya cheti hicho.

Kisa cha mama mmoja

Kuna mama aliyekuja kwangu akiwa amekonda na anakohoa. Vipimo vilionyesha kwamba alikuwa na kifua kikuu. Nilipomhoji zaidi, alinieleza kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi katika hospitali moja, na hali yake ilikuwa njema, lakini alikuwa ameziacha kwa miezi minane.

Sababu yake ilinisikitisha. Shemeji yake alikuwa akifanya kazi katika idara ya uhasibu ya hospitali hiyo. Siku moja alifungua jina la mama huyo kwenye kompyuta ili aangalie deni lake, akakuta na majibu ya maabara papo hapo. Habari zikafika nyumbani kabla ya mwenyewe. Mama akaona heri ugonjwa kuliko aibu, akaitupa kadi ya kliniki.

Nilimpigia simu daktari mwenzangu wa huko. Alichoniambia kiliniuma zaidi. Kosa hilo lilikuwa linajulikana. Kijana anayeshughulikia kompyuta aligundua mapema kwamba yeyote aliyeingia kwa upande wa uhasibu angeweza kufungua majibu ya maabara. Alimwambia mkubwa wake kwa mdomo, mkubwa akasema atawaarifu waliotengeneza programu, na baada ya hapo kila mmoja akadhani ni kazi ya mwingine. Karibu mwaka mzima ukapita.

Isitoshe, pale mapokezi palikuwa na cheti kizuri ndani ya fremu, kinachosema kwamba hospitali inafuata kiwango cha kimataifa cha usalama wa habari. Ukisoma maandishi madogo chini yake, unakuta kwamba cheti kilihusu chumba cha kompyuta kuu pekee. Programu ya wagonjwa haikuwemo.

Hospitali hiyo, basi, haikukosa cheti, wala haikukosa mtu mwenye macho. Ilikosa daftari: mahali palipoandikwa kosa ni lipi, lina hatari kiasi gani, nani atalirekebisha na kabla ya tarehe gani.

Sheria yasemaje?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa miongoni mwa habari nyeti. Chini ya sheria hiyo, hospitali ikigundua kwamba habari zimefikiwa na watu wasiohusika na kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mwenye habari hizo, ni lazima imwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72, na kumwarifu mhusika pia bila kuchelewa kupita kiasi. Kamishna anaweza kutoza faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kutegemea ni ipi iliyo ndogo.

Aidha, tangu mwaka 2023 tuna Sheria ya Afya ya Kidijitali, ambayo inazihusu moja kwa moja rekodi hizi za kompyuta.

Yafaa ieleweke kwamba rekodi za kompyuta si ugeni kwetu. Kituo cha afya cha Mosoriot, huko Nandi, kilianza kuzitumia mwaka 2001, na kutokana na kazi iliyoendelea Eldoret ikazaliwa, mwaka 2004, programu ya OpenMRS ambayo leo hutumika katika nchi nyingi. Faida zake tumeziona: mgonjwa anayekosa siku yake ya kliniki hujulikana upesi, na dawa hazichanganywi ovyo.

Lakini sheria inasema tu kwamba siri ilindwe. Jinsi ya kuilinda siku hadi siku ni jambo jingine, na hapo ndipo cheti kinapoingia.

Cheti hiki ni nini?

Cheti kinachotajwa sana ni cha kiwango kiitwacho ISO/IEC 27001. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 2005, kikafanyiwa mabadiliko mwaka 2013 na tena mwaka 2022. Toleo la 2022 lina orodha ya hatua 93 za ulinzi, zilizogawanywa katika mafungu manne: uongozi, watu, majengo na vifaa, na teknolojia.

Wengi hudhani kwamba Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, ndilo hutoa cheti. Sivyo. Shirika hilo huandika kiwango tu. Cheti hutolewa na shirika la ukaguzi, ambalo lenyewe lafaa liwe limethibitishwa na chombo cha kitaifa. Hapa kwetu chombo hicho ni KENAS.

Wakaguzi huja mara mbili. Mara ya kwanza husoma maandishi: sera, orodha ya hatari, na taarifa inayoeleza ni hatua zipi kati ya hizo 93 zinazofuatwa na kwa nini nyingine zimeachwa. Mara ya pili huja kuona kama yaliyoandikwa ndiyo yanayotendeka. Cheti kikitolewa hudumu miaka mitatu, na kila mwaka wakaguzi hurudi kutazama.

Hapa, msomaji, shika jambo moja. Cheti hakisemi kwamba programu za hospitali hazina mianya. Kinasema kwamba hospitali ina utaratibu wa kuitafuta mianya hiyo na kuiziba. Ni kama cheti cha chuo cha udaktari: hakisemi kwamba sitakosea kamwe, bali kwamba nimefunzwa namna ya kufanya kazi.

Programu huuguaje?

Kuna njia tatu kubwa.

Kwanza, kasoro ya kuzaliwa nayo. Mtengenezaji anasahau kuzuia asiyehusika asifungue ukurasa fulani, kama ilivyokuwa kwa mama yetu. Usidhani ni kosa la nadra. OWASP, shirika la wataalamu wa usalama wa programu, liliweka kosa la namna hii katika nafasi ya kwanza kwenye orodha yake ya hatari kumi kuu ya mwaka 2021.

Pili, ugonjwa wa kuambukizwa. Programu za leo hazitengenezwi zote kwa mkono mmoja. Fundi huchukua vipande vilivyokwisha tengenezwa na wengine, akaviunganisha. Kipande kikiwa na mwanya, programu zote zinazokitumia hupata mwanya huo. Desemba 2021 kulitangazwa mwanya katika kipande kidogo kiitwacho Log4j, ambacho kazi yake ni kuandika kumbukumbu za yale programu inayoyafanya. Hatari yake ilipimwa kuwa 10 juu ya 10. Mashirika mengi duniani yalihangaika si kwa sababu marekebisho yalikosekana, bali kwa sababu hayakujua ni programu zao zipi zilizokuwa na kipande hicho.

Tatu, kukosa chanjo. Mtengenezaji hutoa marekebisho, lakini mwenye kompyuta hayaweki.

Vipimo vitatu na daftari moja

Kama zilivyo njia tatu za kuugua, kuna vipimo vitatu vinavyotumika sana.

Kipimo cha kwanza husoma maandishi ya ndani ya programu kabla haijaanza kutumika, kikitafuta makosa ya fundi. Ni kama kupima damu. Cha pili huijaribu programu kutoka nje ikiwa inafanya kazi, kama daktari anavyogonga kifua na kusikiliza. Hujaribu milango kuona ni upi unaofunguka bila ruhusa. Cha tatu hutazama orodha ya vipande vilivyotumika na kukilinganisha kila kipande na orodha ya mianya inayojulikana duniani, kama mwuza dawa anavyosoma nambari ya pakiti pindi anaposikia kwamba dawa fulani imeondolewa sokoni.

Baadhi ya zana hizi hazina bei. Iliyo maarufu kwa kipimo cha pili ni ZAP, na kwa cha tatu ni Dependency-Check. Hata hivyo, si kila kosa hugunduliwa na mashine. Mashine haijui kwamba mhasibu hapaswi kuona majibu ya maabara. Ni mtu anayejua kazi za hospitali ambaye ni lazima aingie kama mhasibu na kujaribu.

Lakini kupima si kutibu. Sisi madaktari tulijifunza hili kutokana na kifua kikuu. Ukimpima mtu makohozi ukamwambia ana ugonjwa, kisha ukamwacha aende zake, hujafanya kitu. Ndiyo maana kila kliniki ya kifua kikuu huweka rejista. Kila mgonjwa ana mstari wake: tarehe aliyogunduliwa, siku aliyoanza dawa, matokeo ya makohozi yanayopimwa tena tiba ikiendelea, na mwishowe neno moja: amepona, ametoroka au amefariki. Mstari haufungwi mpaka neno hilo liandikwe.

Zana za kusimamia usalama wa programu hufanya kazi ya rejista hiyo. Hukusanya matokeo ya vipimo vyote mahali pamoja, huondoa yaliyojirudia, na kuupa kila mwanya mstari wake: uko katika programu gani, hatari yake ni ya kiwango gani, nani amepewa kazi ya kuuziba, siku ya mwisho ni lini, ulizibwa lini, na je, ulipopimwa tena ulikuwa umefungwa kweli? DefectDojo ni mojawapo ya zana za aina hii zinazopatikana bure.

Yaliyotokea Uingereza

Mnamo Mei 12, 2017, programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea duniani ikifunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia. Hospitali za umma za Uingereza ziliathirika vibaya. Kwa mujibu wa ripoti ya mkaguzi wa hesabu za serikali ya nchi hiyo iliyotolewa Oktoba 2017, angalau mamlaka 81 za hospitali kati ya 236 katika England zilitatizika, pamoja na karibu kliniki 600 za madaktari wa mtaani. Maelfu ya wagonjwa waliokuwa wamepangiwa kumwona daktari waliahirishiwa, na baadhi ya hospitali zikalazimika kuwapeleka kwingine wagonjwa wa dharura.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba chanjo ilikuwepo. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya mwanya huo mwezi Machi, karibu miezi miwili kabla. Ripoti ilisema wazi kwamba hospitali zilizoambukizwa zingaliweza kujikinga kwa hatua rahisi.

Huko Ufini mambo yalikuwa mabaya kwa njia nyingine. Mwaka 2020, mvamizi aliyeiba rekodi za wagonjwa wapatao 33,000 wa kampuni ya tiba ya akili iitwayo Vastaamo alianza kuwaandikia wagonjwa wenyewe, akidai pesa ili asiyaanike waliyomwambia mganga wao faraghani. Kampuni ilifilisika mwaka uliofuata. Lakini siri iliyokwisha toka hairudi.

Mkaguzi anatafuta nini?

Turudi kwenye cheti. Mkaguzi anapokuja hakubali kuambiwa tu, "Sisi huziba mianya." Anataka ushahidi, na hapo rejista ile humsaidia mwenye hospitali.

Hatua nambari 5.9 ya kiwango inataka orodha ya mali ya habari, yaani ujue una programu zipi na ni nani mwenye dhamana ya kila moja. Hospitali nyingi hushangaa hapa, kwani hukumbuka programu ya mapokezi na ya maabara, wakasahau ile ya kutuma ujumbe wa simu kuwakumbusha wagonjwa. Hatua ya 8.8 inahusu kusimamia mianya: uijue, upime hatari yake, uchukue hatua. Ile ya 8.29 inataka programu ijaribiwe kiusalama kabla ya kupokewa.

Kiwango hakisemi mwanya uzibwe katika siku ngapi. Hospitali hujiwekea muda wake yenyewe, tuseme siku saba kwa mwanya wa hatari kubwa na siku thelathini kwa wa wastani. Lakini ikishajiwekea, mkaguzi huchagua mistari michache kwenye rejista na kuuliza: mlisema siku saba, mbona huu ulikaa siku arobaini? Iwapo kulikuwa na sababu, basi pawe na maandishi ya mkubwa aliyekubali hatari hiyo na tarehe ya kuitazama upya. Jibu la "tulimwambia fulani" halitoshi.

Wino wa rangi moja

Hata hivyo, zana yoyote yaweza kutumiwa vibaya. Wenzangu wanaofanya kazi ya chanjo watanielewa. Ukutani, kando ya friji ya chanjo, huwa kuna karatasi ambayo muuguzi huandika kiwango cha joto asubuhi na jioni, kwani chanjo nyingi ni lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Mara moja moja utakuta karatasi iliyojazwa mwezi mzima kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, na kila siku nyuzi 4. Huhitaji kuambiwa: ilijazwa asubuhi moja, mgeni akiwa njiani.

Rejista ya mianya nayo yaweza kujazwa hivyo hivyo. Tarehe zinasogezwa mbele, mianya inafungwa kwa maandishi na si kwa kazi, na programu ngumu zinaachwa nje ya cheti ili ukaguzi upite upesi. Chanjo iliyoharibika haijui kwamba karatasi inasema nyuzi 4. Vivyo hivyo mvamizi haulizi kama una cheti.

Kwa wenye kliniki ndogo

Kliniki ya madaktari wawili huenda isihitaji cheti, kwani gharama yake si haba. Lakini daftari haligharimu kitu. Andika programu zako zote, hata ile ya kutoza pesa. Mwulize anayekuuzia programu: ni nani anayeijaribu kiusalama, mara ngapi, na mwanya ukipatikana mtaniarifu katika siku ngapi? Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Weka marekebisho yanapotolewa. Tenga nakala ya rekodi zako mbali na kompyuta inayotumika.

Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri. Nakiri kwamba katika kliniki yangu sote tulitumia neno moja kwa muda mrefu, na lilikuwa limebandikwa kando ya kioo cha kompyuta. Baada ya kisa cha yule mama nililibandua mwenyewe.

Nawe mgonjwa je?

Usiogope kuuliza. Ukiona cheti ukutani, soma kinahusu nini na kinaisha lini. Uliza ni akina nani wanaoweza kufungua faili yako, na kama kompyuta huandika jina la kila aliyeifungua. Sheria inakupa haki ya kuziona habari zako na kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Ukiamini kwamba siri yako imetolewa, waweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Lakini tafadhali, usimfiche daktari ugonjwa wako, wala usiache dawa kwa kuogopa kompyuta. Yule mama alimaliza dawa za kifua kikuu na amerudia zile za kwanza. Amepona kifua, ila miezi ile minane iliudhoofisha mwili wake kwa namna ambayo haikuwa lazima.

Naye hakudhurika kwa ujuzi wa mvamizi kutoka ng'ambo. Alidhurika kwa sababu mwanya uliojulikana haukuandikwa popote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu. Katika hospitali za leo tuongeze: ufa usioandikwa hauna wa kuuziba.